Firigisi Moja, Wageni Watatu

Sogeeni karibu, mkeka unatosha tukibanana. Mwenye mtoto amlaze, na mwenye haraka ya kuhukumu aishikilie haraka yake mpaka mwisho. Mwisho mtaulizwa, na safari hii msimulizi hana jibu alilolificha kwenye pindo la khanga.

Katika mtaa wa Mashineni palikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Dafrosa, na kipaji chake kilikuwa kalamu. Hakuwa wakili. Alikuwa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaopewa mafunzo ya kuwaeleza watu haki zao bila malipo. Mtu aliyevurugika akikaa na Dafrosa saa moja, mambo yake yote yalikuwa yamekwisha pangwa kwenye karatasi, la kwanza juu na la mwisho chini, hata mwenyewe akashangaa kwamba yalikuwa machache kiasi kile.

Wa pili aliitwa Mwantumu, na kipaji chake kilikuwa macho. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja cha uani, na alisema kidogo kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini kilichopita mbele yake hakikupotea. Kuku wa mtu akipotea, majirani waliulizana kwanza, "Umeshamuuliza Mwantumu?"

Wa tatu walimwita Mama Nchimbi, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Alikuwa Mngoni, muuza dagaa karibu na mashine ya kusaga, na sauti yake ilifika bombani kabla yake. Aliposema watu walinyamaza, na alipocheka walicheka, hata kama hawakujua kilichochekesha.

Na palikuwa na Minza. Yeye hakuwa na kipaji cha kusimuliwa. Alikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni, ndoo mbili na njia moja fupi ya kwenda bombani.

Njia hiyo ilipita mbele ya kijiwe cha Gama, fundi baiskeli.

Gama alikuwa Mngoni na Minza alikuwa Msukuma, na ninyi mnajua kwamba makabila hayo ni watani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukuita mwizi wa ng'ombe mbele ya wakwe zako na usikasirike. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo siku ya kwanza Gama alipoita, "Mke wangu, unanipita hivi hivi, umeniacha na njaa," watu wa kijiweni walicheka. Mama Nchimbi alicheka kuliko wote.

Minza alikuwa mgeni mtaani, mwaka wake wa kwanza, na hakutaka aonekane mtu asiyejua watu. Akajibu kama alivyolelewa kujibu mtani. Akasema, "Mume gani wewe? Mahari yangu hujalipa hata mkia wa ng'ombe."

Kijiwe kizima kilivunjika mbavu. Minza naye alikwenda na ndoo yake akitabasamu. Lilikuwa jibu zuri, na lilikuja kumgharimu kuliko neno lolote alilowahi kusema.

Tangu siku hiyo Gama alimwita mke wangu asubuhi na jioni. Halafu akaanza kuinuka kwenye kigoda chake. Akawa anashika ndoo kana kwamba anamsaidia, na mkono wake unabaki juu ya mkono wa Minza. Kisha akawa anashika kiuno, na kisha akawa anasema karibu na sikio mambo ambayo mtu hamwambii mtani. Minza akikunja uso, Gama anageuka kwa wenzake na kuwaambia kwamba Msukuma wake leo ameamka vibaya. Wanacheka.

Minza aliacha kujibu. Kuacha kujibu hakukusaidia. Akamwambia wazi, mbele ya watu wawili waliokuwa wakingoja baiskeli zao, kwamba utani umekwisha na hataki kuguswa. Wale wawili wakatazama chini, kwenye minyororo ya baiskeli. Gama akasema utani hauishi mpaka kaburini.

Akabadili njia. Ilikuwapo njia ya bondeni, ndefu mara mbili, yenye matope na mteremko wa kupanda na ndoo kichwani. Akawa anakwenda mara tatu badala ya mara tano. Nepi zikafuliwa siku moja na kuachwa siku mbili. Mgongo ukamuuma, na mtoto mgongoni akawa analia kwa kutikiswa. Uchovu ule haukuwa wa miguu peke yake. Kila alipofunga mlango wa nyumba yake kwenda nje, alihesabu kwanza nani yuko wapi.

Mume wake, Maduhu, alikuwa fundi wa kuezeka na alikuwa kazini wilaya ya mbali. Minza alimweleza kwenye simu, kwa kifupi. Maduhu akasema atakuja kumvunja mtu mguu. Minza akamsihi asije. Aliona kabisa jinsi itakavyokuwa: Gama hospitali, Maduhu mahabusu, na yeye bombani peke yake. Tangu hapo akawa anamwambia mumewe kwamba mambo ni nafuu. Hiyo nayo ikawa ndoo ya kubeba.

Akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe, mzee mwenye adabu zake, alimkaribisha kiti, akamsikiliza, kisha akacheka kidogo kwa upole. Akasema, "Mwanangu, Mngoni na Msukuma mimi niwaingilie wapi? Nikiingia hapo na mimi nitataniwa." Minza akaaga, akashukuru kwa kiti.

Alhamisi moja mchana Gama alifika mlangoni kwake. Alisema amekuja kudai uji wa mtani. Minza alikuwa akinyonyesha. Akamwambia atoke. Gama akaweka mguu kwenye kizingiti ili mlango usifungike, akasema maneno ambayo Minza aliyarudia baadaye kwa watu wawili tu, akanyoosha mkono na kuivuta khanga aliyojifunika. Minza akaishikilia kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili. Akasema, "Sitaki. Huu si utani. Toka kwangu." Alisema kwa sauti iliyotetemeka, lakini alisema.

Gama akacheka, akatoka taratibu kama mgeni aliyeshiba.

Sasa sikilizeni jinsi wale watatu walivyoingia.

Siku ya kupima watoto, Dafrosa alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki na kijitabu chake, akizungumza na yeyote mwenye shida. Minza hakwenda kwake. Alikaa tu benchi hilo hilo kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi. Muuguzi akamwita, akasema uzito wa mtoto umesimama, akamuuliza anakula nini yeye mama. Minza akafungua mdomo ajibu, yakatoka machozi. Dafrosa alimsogelea, akamwacha alie mpaka akamaliza, ndipo akamuuliza kama anataka kusema au kukaa tu. Minza akasema. Alichukua muda mrefu, maana alianza katikati, akarudi mwanzo, akaomba radhi mara nyingi.

Dafrosa akamweleza kwamba njia zipo tatu, na kwamba kuchagua ni kwake. Ipo ya kumwonya: Gama anaitwa ofisi ya mtaa, anaambiwa mbele ya viongozi, inaandikwa. Ipo ya kumzuia: mahakama inamtaka ajifunge kwa maandishi, na wadhamini wake, kwamba atakaa mbali na kutunza amani, na akivunja neno lake anajibu kwa hakimu. Na ipo ya kumshtaki kwa aliyokwisha kuyafanya, maana kumshika mtu asiyetaka na kumwandama kwa maneno ya kumdhalilisha ni kosa. Hizo mbili za mwisho zinaanzia polisi, kwenye dawati la jinsia.

Minza akauliza kitu kilichokuwa kimemkaa moyoni. Alikuwa amesikia redioni kwamba mambo haya ni ya maofisini, ya bosi na mfanyakazi wake. Gama si bosi wake.

"Sheria haiulizi kama anakulipa mshahara," Dafrosa akasema. "Inauliza kama ulitaka."

Akamuuliza anataka nini mwisho wake. Minza akafikiri. Hakutaka Gama afungwe, hakutaka kuombwa radhi, hakutaka hata kumwona akitahayari. Akasema, "Nataka kupita tu."

Basi Dafrosa akachukua kalamu. Siku ile na siku mbili zilizofuata walikaa wakiokota tarehe kama mtu anayeokota mchele mchangani. Siku ya kwanza ya mkono: ilikuwa Jumanne, kwa sababu kulikuwa na gulio. Siku ya kiuno: ilikuwa siku iliyofuata ile mvua kubwa. Siku ya mlangoni: Alhamisi. Karatasi ikajaa, na Minza alipoisoma alijua kwa mara ya kwanza kwamba hakuwa na wazimu. Kisha Dafrosa akaandika barua, akaipeleka ofisi ya mtaa, akagongewa mhuri, akabaki na nakala. Akaenda na Minza mwenyewe, akakaa kando yake. Bila Dafrosa, Minza angekuwa bado anapanda mteremko wa bondeni hadi leo.

Lakini karatasi haisemi peke yake. Gama alipoitwa ofisini alikuja na shati safi, akamsalimia kila mtu. Alikana habari ya mlangoni. Akasema hajawahi kufika kwa Minza tangu azaliwe. Mwenyekiti wa mtaa akamgeukia Minza, akauliza nani aliona. Minza akasema alikuwa yeye na mtoto. Mwenyekiti akavuta pumzi, akafunga daftari, akasema neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine yeye hawezi kulipima. Gama alitoka akipiga mluzi. Jioni ile aliita "mke wangu" kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Ndipo Mwantumu alipoingia.

Kati ya uwanja wa Minza na uani kwa Mwantumu palikuwa na ua wa mabua, na Alhamisi ile Mwantumu alikuwa ameinama akisugua sufuria upande wa pili. Aliuona mguu kizingitini, ukiwa ndani ya kandambili ya bluu iliyoshonwa kwa waya wa spoku ya baiskeli. Aliona mkono ukivuta khanga. Alisikia "sitaki," alisikia "huu si utani," na alisikia "toka." Alijua pia chumba anacholala ni cha nani. Kilikuwa cha kaka yake Gama, kwa baba na mama mmoja.

Kwa siku kumi na moja Mwantumu hakusema. Alikutana na Minza, wakasalimiana habari za watoto. Alipika, akala kidogo, akalala na kuamka. Siku ya kumi na mbili alibisha hodi kwa Minza, akakataa kukaa, akasema akiwa amesimama, "Mimi niliona. Niambie pa kwenda kusema."

Wakaenda wote polisi, Dafrosa na karatasi yake, Mwantumu na macho yake. Kwenye dawati la jinsia palikuwa na askari mwanamke aliyefunga mlango kabla ya kuuliza chochote, na kwa ajili ya mlango ule tu Minza alitaka kumshukuru. Minza alirudia yale maneno kwa mara ya pili na ya mwisho. Mwantumu alitoa maelezo yake, na alipofika kwenye kandambili ya bluu askari aliinua kichwa. Siku hiyo hiyo Gama aliitwa kituoni, na alikuwa amezivaa kandambili zile zile.

Kabla ya mwezi kwisha, Mwantumu aliambiwa ahame chumba. Hakupewa sababu, na hakuuliza.

Shauri likafika mahakama ya mwanzo. Hapo Gama alibadili maneno. Alimwambia hakimu kwamba sasa amekumbuka, ni kweli alikwenda, ni kweli aliivuta khanga, lakini kwa nini watu wanaficha kwamba huyu ni mtani wake? Akamweleza hakimu, aliyekuwa mtu wa kutoka mbali na asiyejua mambo ya pale, kwamba Mngoni na Msukuma wanachezeana hivyo tangu enzi za mababu. Na kama hakimu anadhani mama huyu alikuwa hataki, basi waulizwe watu wa kijiweni nani alimwita mwenzake mume. Nani alidai mahari mbele ya watu, mpaka mkia wa ng'ombe?

Mahakamani kulitokea kicheko. Minza aliinamisha kichwa. Hakimu akamuuliza kama ni kweli alisema hivyo, na Minza akasema ni kweli. Alijua jinsi lilivyosikika ndani ya ukuta ule. Dafrosa akatazama karatasi zake, na hapakuwa na karatasi ya utani. Mwantumu alikuwa amekwisha sema alichokiona, na Gama alikuwa amekikubali chote. Mambo yote yalikuwa wazi, na bado yalikuwa yanaelekea kumponyoka.

Ndipo Mama Nchimbi alipoingia. Kuingia kwenyewe alikuwa ameingia zamani, amekaa benchi la nyuma na harufu yake ya dagaa, amekuja kutazama kama wengine. Alisimama akaomba kusema. Karani akamwambia akae. Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Hakimu akauliza huyu ni nani, naye akajibu kwamba yeye ni Mngoni wa kuzaliwa, mtani halali wa yule binti, na kwamba kuna mali ya kabila lake inaibwa mle ndani. Hakimu akaagiza aapishwe.

Mama Nchimbi akasema, "Mheshimiwa, utani una kazi. Binti huyu alipohamia tu hapa alifiwa na mama mkwe wake. Mimi niliamka nikafagia uwanja wa msiba, nikachota maji siku tatu, nikawatukana wafiwa mpaka wakacheka. Ndiyo maana nina ruhusa ya kumwita mwizi wa ng'ombe. Huyu Gama alikuja msibani akala, akaenda zake. Ameinunua kwa nini hiyo ruhusa?"

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini ambayo watu wa Mashineni hawakuwahi kuisikia. Akasema utani ni wa hadharani, na mtu anayekufuata mlangoni wakati mumeo hayupo si mtani, ana jina lingine. Akasema mtani huchezea maneno wala hachezei mwili, na mwenzake akisema basi, ni basi. Mwisho akasema yeye mwenyewe alicheka. Alicheka siku ya kwanza, na siku ya mkono alicheka, na siku ya kiuno aliona uso wa binti na bado akacheka, kwa sababu wengine walikuwa wanamtazama yeye wajue kama wacheke.

"Hicho kicheko nakirudisha," akasema, akakaa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Akasema ameridhika kwamba mlalamikaji alikataa, alikataa kwa maneno yanayoeleweka, na kwamba mzaha wa siku ya kwanza haukuwa ruhusa ya siku zilizofuata. Akamfunga Gama kwa maandishi mwaka mzima, na wadhamini wawili. Asimfuate Minza, asifike uwanjani kwake, asimguse, asimwite kwa jina lolote ila la kwake. Akivunja moja, atarudi pale na hatatoka kwa mlango anaotokea leo.

Asubuhi iliyofuata Minza alibeba ndoo, akapita njia ya kijiweni. Gama alikuwa ameinamia gurudumu. Hakuinua kichwa. Wenzake waliinua, wakamtazama Minza mpaka alipopita, na hakuna aliyesalimia. Alifika bombani, akachota, akarudi. Ndoo haikupungua uzito. Huo ndio ulikuwa ushindi wenyewe, na alipoutua jikoni alikaa chini, akasinzia hapo hapo ameegemea ukuta.

Maduhu alirudi kutoka kazini, akasikia yote tangu mwanzo, hata yale aliyokuwa ameambiwa ni nafuu. Alimkamata jogoo wake pekee, akamchinja, akamwambia mkewe awaite wale wanawake watatu waje wale.

Wakaja. Dafrosa alikuja na sukari, Mwantumu akaja na mbilimbi, Mama Nchimbi akaja na maneno, akamwambia Maduhu kwamba Wasukuma kwa uchoyo wamewaita watu watatu kwa jogoo mmoja. Maduhu akamjibu kwamba angejua anakuja Mngoni angemchinjia baiskeli. Wote wakacheka, hata Minza, na alishangaa kusikia kwamba cheko lake bado lipo.

Ugali ukawekwa. Minza akafunua sufuria, akashika upawa. Na hapo ndipo mtanziko ulipokuwa, ukielea kwenye mchuzi pamoja na vitunguu.

Firigisi ilikuwa moja.

Mnajua wenyewe kwamba firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Kwenye nyumba ile ilikuwa ya baba, kama ilivyokuwa ya baba yake na babu yake, na mwanamke aliyeila alisemwa. Minza aliipeleka kwenye sahani ya mumewe kwa mazoea. Maduhu akaizuia kwa mkono.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Siwezi kula heshima ya kazi nisiyoifanya. Mpe aliyekuokoa."

Minza akabaki na upawa juu ya sufuria. Wageni walianza kwa mzaha, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Halafu, kama ilivyo kawaida ya mizaha, ukweli ukachungulia.

Dafrosa alisema kwamba hadai kitu, ila watu wasisahau. Bila karatasi, hakuna ofisi, hakuna polisi wala hakimu. Mwantumu angekwenda kusema wapi, na Mama Nchimbi angesimama mbele ya nani? Akasema amewaandikia wanawake wengi, na karatasi zao nyingi zimelala kwenye droo za watu. Hii ndiyo ya kwanza kufika mwisho. Aliposema hayo alionekana amechoka kuliko Minza.

Mama Nchimbi akasema karatasi ni nzuri, lakini siku ya hukumu ilikuwa imebaki kidogo iwe ya kufungia maandazi. Gama aliyakubali yote na bado alikuwa anatoka. Nani alimvua ile nguo ya utani aliyojifunika? Akasema ukoo wa Gama haununui tena dagaa wake, na kuna Wangoni wenzake wanaovuka barabara wakimwona. Wanasema amemuuza ndugu kwa Msukuma.

Mwantumu alikuwa kimya. Ilibidi Dafrosa amuulize yeye anasemaje. Akasema, "Mimi nilisema nilichoona. Nalala kwa shangazi, jikoni." Maneno hayo machache yakawa mazito kuliko hoja zote mbili.

Mama Nchimbi akamwambia, si kwa ubaya, kwamba zile siku kumi na moja pia zihesabiwe. Mwantumu akajibu kwamba na vicheko vihesabiwe basi. Dafrosa akatazama ugali. Maduhu akajikohoza.

Wapo kati yenu wanaotaka kusema: ikate vipande vitatu. Firigisi ikikatwa vitatu ni nyama tu, na wageni wote watakuwa wamenyimwa kwa usawa. Wapo watakaosema ale Minza mwenyewe, maana ndiye aliyesema "sitaki" pale ambapo hakuna kalamu, wala jicho alilolijua, wala ulimi wa kumsaidia. Huenda ni kweli. Lakini mwenye nyumba hajipakulii firigisi mbele ya wageni wake, na Minza angelala njaa kabla ya kufanya hivyo.

Na msidhani ni jambo la chakula tu. Kesho bombani wanawake watauliza nani alikula firigisi. Mtaani kuna wengine wanaopita njia za bondeni, na mlango watakaoanza kuugonga ni wa yule aliyeila. Wakimfuata mwenye kalamu, watajifunza kuandika tarehe. Wakimfuata mwenye macho, watajifunza kusema walichokiona hata kama chumba ni cha watu. Wakimfuata mwenye ulimi, watajifunza kuuliza kila desturi inafanya kazi gani. Mtaa mmoja hauwezi kujifunza yote kwa siku moja. Umechoka, kama Minza.

Ugali unapoa. Ndani mtoto ameamka, anaanza kulia, na Minza hawezi kumwendea na upawa mkononi. Wageni watatu wametazama chini, kila mmoja akijifanya hangoji.

Basi ninyi mlioshiba, mliokaa kwenye mkeka huu bila ndoo kichwani: msaidieni. Je, wewe ungempakulia nani?